Soneti ni mishororo 14 tu, au kuna kingine? Na ule mdundo wa Kizungu unahesabiwaje?

#1 Mwana wa Kandili
Wakuu, salaam. Mpwa wangu yuko kidato cha nne. Juzi kaleta karatasi ya mtihani: shairi la mishororo 14, swali linasema ataje bahari yake kwa kuzingatia idadi ya mishororo. Akaandika soneti, akapata alama. Jioni akaniuliza, "Mjomba, mbona mishororo yote 14 inaishia -ni? Si huu ni mtiririko tu uliorefushwa?" Nikakosa jibu.

Nimekaa na swali lake siku tatu sasa. Dai langu ni kwamba mishororo 14 peke yake haifanyi soneti, kama vile mizani 8 peke yake haifanyi utenzi. Wenye elimu ya jambo hili nielewesheni, hasa upande wa mdundo wanaouita pentameta.

#2 Nahodha wa Nyali
Mkuu, unajitafutia maumivu ya kichwa. Tathnia miwili, tathlitha mitatu, tarbia minne, takhmisa mitano, soneti 14. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Aliyeianzisha ni Shakespeare, na aliandika kama 150.

#3 Kalamu Nyekundu
Nahodha, hapo #2 kuna makosa mawili. Shakespeare hakuianzisha, na soneti zake ni 154, zilizochapwa pamoja mwaka 1609. Kabla yake walikuwapo Thomas Wyatt, aliyefariki 1542, na Henry Howard wa Surrey, aliyekatwa kichwa 1547. Wyatt ndiye aliyeivusha soneti kutoka Italia kuipeleka Uingereza, na Surrey ndiye aliyeipanga upya vina hadi ikawa umbo ambalo leo tunaliita la Shakespeare. Mashairi yao yalichapwa kitabuni 1557, wote wawili wakiwa kaburini.

Na kwa hoja yako ya mishororo 14: katika hizo 154, namba 99 ina mishororo 15, na namba 126 ina 12. Namba 145 ina 14 kamili lakini kila mshororo una silabi 8 badala ya 10. Sasa tuzitoe zote tatu?

#4 Kipepeo wa Torino
Nakazia #3, halafu narudi nyuma zaidi. Soneti ilizaliwa Sisilia karne ya 13, katika baraza la mfalme Frederick II. Anayetajwa kuwa wa kwanza ni Giacomo da Lentini. Kazi yake ilikuwa ya kuandika na kuthibitisha hati za kisheria, kwa hiyo alikuwa mtu wa kuhesabu maneno kabla hajawa mtu wa mapenzi. Petrarca alikuja baadaye (1304–1374), na katika diwani yake yenye mashairi 366, soneti ni 317. Ndiyo maana umbo la Kiitalia likachukua jina lake.

Nimeishi huku mwaka wa saba, na watoto wa shule wa hapa wanasoma Petrarca kama sisi tulivyosoma Shaaban Robert.

#5 Mzee wa Vina
Vijana, mnazunguka bure. Lugha yetu ina maneno yote mnayoyahitaji. Soneti ya Kiingereza ni tarbia tatu na tathnia moja: abab, cdcd, efef, gg. Ya Kiitalia ni tarbia mbili na tathlitha mbili: abba, abba, kisha cde, cde au cdc, dcd. Basi. Mtoto yule aliyeuliza kwa nini vyote vinaishia -ni ana akili kuliko aliyetunga mtihani. Soneti yenye kina kimoja tangu juu hadi chini haina nyumba ya tarbia wala ya tathnia, ni uwanja mtupu.

#6 Nahodha wa Nyali
Shikamoo Mzee. Ila yule Spenser naye? Tulisoma kwamba yeye anafunganisha beti. Si hiyo ni pindu?

#7 Mzee wa Vina
Marahaba. Karibu, lakini si pindu. Edmund Spenser alipanga abab, bcbc, cdcd, ee. Kina cha mwisho wa ubeti kinarithiwa na ubeti unaofuata. Pindu hurithisha maneno yenyewe: unayachukua yaliyofunga ubeti ukaanzia nayo ubeti mpya. Yake ni mnyororo wa sauti, wetu ni mnyororo wa maneno.

#8 Binti Shaka
Naomba nirudishe uzi kwenye swali la pili la #1. Mdundo! Nilisoma Kiingereza hadi kidato cha sita, na kila mwalimu alipogonga meza ta-TÁ ta-TÁ ta-TÁ mimi nilisikia meza tu, sikusikia shairi. Nikahesabu silabi kumi, nikaandika "pentameta", nikapata alama. Sijawahi kuisikia mpaka leo. Kuna mtu anaweza kunieleza bila kugonga meza?

#9 Kalamu Nyekundu
@Binti Shaka, kwa Kiingereza silabi haziko sawa. Moja inabebwa na pumzi, nyingine inamezwa. Silabi dhaifu ikifuatwa na yenye nguvu, hatua hiyo inaitwa iambi. Hatua tano za namna hiyo kwenye mshororo mmoja ndiyo pentameta ya iambi. Kwa hiyo anayehesabu anahesabu mapigo matano, na silabi kumi zinatokea tu. Ndiyo maana mshororo wa silabi 11 unaweza kuwa halali kabisa ikiwa ya mwisho ni dhaifu.

Kwetu mkazo hauchagui. Unakaa silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, vi-ta-BU-ni. Tuna maneno machache tu ambayo mkazo unabadili maana. Sema ba-ra-BA-ra, umetaja njia ya magari. Sema ba-RA-ba-ra, umesema "sawasawa". Sasa fikiria lugha ambayo jambo hilo linatokea kila siku, kwa mamia ya maneno. Sikio la msemaji wake linakuwa limefunzwa tangu utoto kusikia kile ambacho wewe ulikuwa unasikia kama meza.

#10 Binti Shaka
Asante sana. "Barabara" imenifungua masikio. Miaka yote hiyo!

#11 Guni Huru
Mimi nauliza swali la kikatili. Kwa nini tuhangaike? Kezilahabi alitoa diwani yake Kichomi 1974 akaonyesha kuwa shairi la Kiswahili linaweza kusimama bila vina wala mizani. Leo tunarudi kujifunga kamba, tena kamba ya Kiitalia.

#12 Mzee wa Vina
Na Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mwaka 1954, miaka 20 kabla ya hiyo Kichomi yako, na bado watu wanatunga kwa sheria hizo kila wiki. Usilete vita ya miaka ya sabini kwenye uzi wa watu. Mtoto kauliza swali la kitaalamu, tumjibu.

#13 Guni Huru
Nimekubali, Mzee. Lakini nina hoja ya kitaalamu pia. Mnataja vina na mishororo, hakuna aliyetaja mgeuko. Soneti ni shairi linalobadili mawazo njiani. La Kiitalia linageuka baada ya mshororo wa 8, na la Kiingereza mara nyingi linasubiri hadi ile tathnia ya mwisho. Unasema jambo, halafu unalitazama upande wa pili. Ukiniletea mishororo 14 yenye vina vyote sahihi na haina mgeuko, nitasema ni sanduku zuri lililo tupu. Ukiniletea 12 yenye mgeuko, nitaiita soneti. Kwangu hiyo namba 126 ya #3 ina haki zote.

#14 Bint Mtepe
Nawasalimu kutoka Lamu. Mimi nilidhani hesabu ya kumi ni ya Wazungu mpaka nilipousikia vizuri ule utenzi wetu wa kale, Al-Inkishafi. Marehemu babu alikuwa akiisoma baada ya alasiri, na mimi mtoto nilikuwa nafuata kwa kidole. Kila mshororo ni mizani 10, na pumzi inakatika baada ya ya sita: sita, kisha nne. Babu hakujua neno pentameta, lakini kidole changu kilikuwa kinasimama mahali pale pale kila mshororo.

Na kuhusu Sisilia ya #4: kisiwa kile kilitawaliwa na Waarabu hadi Wanormani walipokamilisha kukiteka 1091. Huyo Giacomo akatunga humo humo karne ya 13. Vina vyetu navyo vina undugu na ushairi wa Kiarabu. Mimi naona soneti na shairi letu ni watoto wa shangazi na mjomba.

#15 Kipepeo wa Torino
Bint Mtepe, hoja hiyo ipo na wapo wataalamu walioitetea. Wengine wanasema hapana: ile sehemu ya mishororo 8 (mwanzoni vina vyake vilikuwa abababab) imetoka kwenye wimbo wa wenyeji wa Sisilia unaoitwa strambotto, na Giacomo akaongeza sita zake. Hakuna aliyemshinda mwenzake.

#16 Bint Mtepe
Na wenyeji hao waliimba na majirani gani miaka mia mbili? Siachi undugu wangu.

#17 Kipepeo wa Torino
Haya, usiuache.

Nilichotaka kusema hasa ni hiki. Sisi tunajifunza soneti kupitia Kiingereza, na hapo ndipo tunapopotea. Mshororo wa Kiitalia una silabi 11, na sheria yake kubwa ni kwamba silabi ya 10 lazima iwe na mkazo. Maneno mengi ya Kiitalia yana mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mnasikia? Kama yetu! Mshororo wa Kiswahili wenye mizani 11 unaweka mkazo kwenye ya 10 wenyewe, bila wewe kufanya lolote. Ukilazimisha mizani 10 ili ufanane na Shakespeare, mkazo wa mwisho unaangukia ya 9, na mdundo wake tayari umeupoteza.

Kwa hiyo rai yangu: soneti ya Kiswahili iwe ya mizani 11. Wafaransa nao walipoichukua waliipa mshororo wao wenyewe wa silabi 12, unaokatwa katikati sita kwa sita kama ukwapi na utao wetu, yaani kipande cha kwanza na cha pili cha mshororo. Kila mtu aliishonea nguo ya mwili wake.

#18 Kalamu Nyekundu
Hii #17 nimeisoma mara tatu. Nimefundisha miaka 16, sijawahi kuilinganisha hivyo.

#19 Nahodha wa Nyali
Maneno matamu. Tuonyesheni basi. Mizani 11, nasubiri.

#20 Mwana wa Kandili
Nimekesha. Nimetumia vina vya Kiingereza na mizani ya Kiitalia. Msinihurumie.

*Jioni bibi kiwasha kandili,*
*mwanga wa njano hujaa mezani;*
*nami hujibu ya shule maswali,*
*naye husuka mikeka kandoni.*

*Nuru ni haba, yanuka mafuta,*
*moshi darini huchora duara;*
*kila herufi huwa kama nyota,*
*na usingizi hauna ishara.*

*Leo nyumbani tumevuta umeme,*
*taa nyeupe yajaza kiwanja;*
*kitabu wazi, nataka nisome,*
*mkeka wake siwezi kukunja.*

*Nuru ni nyingi, sioni herufi;*
*kandili yako naitunza safi.*

#21 Binti Shaka
Nimesoma kwa sauti jikoni, mama akauliza nani kafa.

#22 Mzee wa Vina
Kijana, mkono unao. Lakini mshororo wa 9 umezidi: le-o-nyu-mba-ni-tu-me-vu-ta-u-me-me. Hiyo ni 12. Weka "tunao umeme", itatulia.

Jambo la pili, sijui kama umelijua mwenyewe. Kila mshororo wako unakatika baada ya mizani 5. "Jioni bibi / kiwasha kandili." "Nuru ni nyingi / sioni herufi." Ukwapi 5, utao 6, tangu wa kwanza hadi wa 14. Umetunga bahari bila kukusudia, ukasahau tu kuipa vina vya kati.

#23 Mwana wa Kandili
Mzee, sikukusudia hata kidogo. Nimehesabu sasa hivi, ni kweli yote. "Tunao umeme" nimeipokea, shukrani.

#24 Kipepeo wa Torino
Mkato huo wa 5 na 6 Waitalia wanao na wana jina lake: a minore, kwa sababu kipande kifupi kinatangulia. Kinachotakiwa ni mkazo kwenye silabi ya 4, na mishororo yako yote 14 inao. Sasa sikilizeni hii:

MWA-nga wa NJA-no hu-JA-a me-ZA-ni.

Mapigo yako 1, 4, 7, 10. Yanakwenda kwa tatu tatu. Mishororo 12 kati ya 14 ina mapigo ya 4, 7 na 10. Miwili tu imetoka kwenye mstari huo. Mmoja ni huu:

KI-la he-RU-fi HU-wa KA-ma NYO-ta.

Huo, kuanzia silabi ya tatu, ni iambi tupu: ta-TÁ, ta-TÁ. Na ule wa mwisho kabisa, ka-NDI-li YA-ko na-i-TU-nza SA-fi, unapiga 2, 4, 8, 10. Mwingereza angeusikia kama wa kwao. @Binti Shaka, soma ule wa kwanza kisha huu wa mwisho. Tofauti utakayoisikia ndiyo ile aliyokuwa akiigongea meza mwalimu wako.

#25 Binti Shaka
Nimesikia. Wallahi nimesikia. Ule wa kwanza unabembea, huu wa mwisho unatembea.

#26 Kalamu Nyekundu
Naongeza moja kwenye vina. Kiitalia kina huanzia kwenye silabi yenye mkazo: amore na dolore, -ore kwa -ore. Sisi tunatosheka na silabi ya mwisho ambayo haina mkazo. Kwa kipimo chao kandili na maswali si vina, wala herufi na safi. Katika shairi zima jozi moja tu ingepita Italia: duara na ishara.

#27 Mzee wa Vina
Hatukutunga ili tupite Italia. Muyaka alitosheka na silabi ya mwisho na Mombasa nzima ilimsikia.

#28 Kalamu Nyekundu
Sijasema ni kosa, Mzee. Nasema ukiwa na vina vyepesi hivyo, kubadilisha kina kila baada ya mishororo miwili kunafanya sikio lisishike. Tarbia yetu inarudia kina kimoja ubeti mzima ndiyo maana kinasikika. Hapo ndipo ninapoona ugumu wa soneti kwetu, kuliko kwenye mizani.

#29 Bint Mtepe
Nina neno na mtunzi. Kandili ina kioo. Kandili njema haifukizi moshi hadi darini ukachora duara. Ulichotueleza wewe ni kibatari.

#30 Nahodha wa Nyali
Koroboi hiyo! Bint Mtepe kamshika mtu.

#31 Mwana wa Kandili
Ilikuwa kandili kweli. Kioo chake kilipasuka upande mmoja, bibi akaziba kwa karatasi ya pakiti ya chai, na kila karatasi ilipoungua alibadilisha. Moshi ulitokea hapo. Duara lile lilibaki darini mpaka tulipobadilisha mabati.

#32 Bint Mtepe
Basi nimenyamaza. Hiyo karatasi ya chai ingefaa kuwamo ndani ya shairi.

#33 Guni Huru
Mimi nimefurahia kitu kimoja: vina ni vya Kiingereza, lakini mgeuko umekuja kwenye "Leo", mshororo wa 9, kama Mwitalia. Halafu ile tathnia inageuka tena. Kwa hiyo ina migeuko miwili, na hakuna aliyekufundisha. Nasimama na #13: hiyo "Leo" ndiyo soneti, mengine ni mavazi.

#34 Mzee wa Vina
Na bila tarbia mbili kutangulia, hiyo "Leo" ingegeuka kutoka wapi?

#35 Nahodha wa Nyali
Mimi bado nasema 14. Hata nyie wote mnaobishana, mtunzi kaandika 14, hajaandika 12.

Swali la pembeni: mbona "mkeka" mmeipa mizani tatu na "mwanga" mbili, zote zinaanza na m?

#36 Kalamu Nyekundu
M ya "mkeka" inasimama peke yake: m-ke-ka. Ya "mwanga" imeungana na w: mwa-nga. Vivyo hivyo "mtu" ni mbili, "mbele" ni mbili.

#37 Nahodha wa Nyali
Na "labda"?

#38 Mzee wa Vina
Tatu. La-b-da.

#39 Kalamu Nyekundu
Mbili, Mzee. Lab-da. B haiwezi kubeba silabi kama m na n.

#40 Mzee wa Vina
Kwenye kuimba inabeba. Mwite yeyote anayeghani, umsikilize.

#41 Mwana wa Kandili
Wakati mnabishana, mpwa kasoma uzi wote kwenye simu yangu. Anasema ataandika ya kwake kuhusu feri, na anauliza kama anaruhusiwa kuweka vina vya kati kwenye ukwapi wa 5 na utao wa 6, ili kujibu #22 na #28 kwa pamoja.

#42 Mzee wa Vina
Mwambie aandike. Akimaliza aweke hapa, nitahesabu mwenyewe.

#43 Bint Mtepe
Na ule mkeka uko wapi sasa?

#44 Mwana wa Kandili
Uko chini ya meza ninayoandikia. Ukingo mmoja umeanza kufumuka.

#45 Binti Shaka
Mimi nipo upande wa la-b-da. Nimejaribu kuighani sasa hivi, tatu zinatoka vizuri.

#46 Kalamu Nyekundu
Ngoja nirudi jioni, nina rekodi ya utenzi mmoja nyumbani. Tutaisikiliza pamoja.